Pombe Aliyoinywa Baba

Asubuhi ile niliungua vidole mara tatu, na mara zote tatu kosa lilikuwa la Jitman. Alitakiwa afike jana. Jana nikachemsha maji ya kunawa, nikapika wali wa watu wanane, nikavaa blauzi yangu mpya ya kijani, mpaka jua likazama nikajikuta nakula wali uliopoa peke yangu, Mama ananitazama huku anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Wageni wake watakuwa wameumwa vichwa njiani," nilimwambia.

"Mbona sijauliza?" alisema Mama.

Leo roho ilikuwa juu juu tangu alfajiri. Nafagia chumba cha kulia, nachungulia dirishani. Natoka kuchukua samadi kavu ya kuwashia jiko, miguu inanipeleka mpaka kwenye ukuta wa mawe kutazama njia inayopanda kutoka chini. Narudi ndani mikono mitupu, samadi nimeisahau huko huko. Nisihangaike kwa nini? Kesho watu wa Namche walikuwa wanakuja na dumu la pili. Baba akinywa la pili, mimi ndiyo basi, nimeshaolewa, kilichobaki ni kucheza na kula.

Niseme jinsi ilivyokuwa, maana mpaka leo sijui nicheke au nilie. Kila mwaka kabla msimu wa wageni haujakolea, Mzee Gyalzen wa ile hoteli kubwa ya Namche hupanda kwetu Dingboche na dumu la pombe ya shayiri. Anakuja kumwomba Baba yaki wake sita, wale ng'ombe wa manyoya marefu wa huku milimani, wabebe mizigo ya hoteli. Kwetu mtu haombi kwa maneno kwanza. Unaleta dumu, unamimina, mwenye nyumba anafunika kikombe kwa kiganja mara ya kwanza, anafunika mara ya pili, hayo ni adabu tu, kila mtu anajua. Mara ya tatu anaondoa mkono na kunywa. Akishakunywa ndipo unasema kilichokuleta, na aliyekunywa pombe yako hawezi kukurudisha hivi hivi.

Sasa wiki mbili zilizopita Mzee Gyalzen kaja, kamimina, Baba kafunika mara mbili, kanywa. Kanywa kwa furaha kabisa, anawaza kichwani ni yaki yupi mwenye kwato mbovu apumzishwe. Mzee akajifuta mdomo akasema, "Tumekuja kumwomba Yangjin, awe mke wa Norbu wetu."

Baba alibaki na kikombe hewani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Baba yangu hapana haijui.

Na Norbu si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Ana hoteli ya ghorofa tatu, ana maji ya moto bafuni, hana makelele. Lakini simtaki! Namtaka Jitman Rai, mwongoza wageni, mtu wa mabonde ya chini, ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kulaza wageni wake kwingine hapa Dingboche ila kwenye nyumba yetu ya wageni. Hoteli za jirani zinampa nyama na blanketi mbili bure ili awapelekee watu. Kwetu anapewa dengu na blanketi moja, na bado anakuja.

Walitokea karibu na saa sita mchana. Waholanzi watano wanahema, wapagazi wawili nyuma, na yeye mbele na kofia yake ya bluu iliyopauka. Moyo ulinilipuka. Nilitoka mlangoni nikijikaza nisikimbie.

"Karibuni, poleni na njia."

"Ahsante, dada," alisema Jitman, macho yapo kwenye buti zake.

Dada! Miaka mitatu naitwa Yangjin, naitwa Yangi, naitwa mpishi wangu, leo nimekuwa dada wa kila mtu.

Akawaketisha wageni kuzunguka jiko la chumba cha kulia, akamfungulia mmoja mkoba, akampa mwingine maji, yote kama mtu ambaye hana habari na dunia. Lakini kazi ni kazi. Mwongoza wageni ndiye anayewapakulia watu wake, kwa hiyo alitaka asitake ilibidi aje jikoni.

"Supu ya kitunguu saumu mabakuli matano," alisema akiwa ameshika fremu ya mlango. "Yule mwanamke mrefu asipewe kahawa. Kichwa kinamgonga tangu jana."

"Umechelewa siku nzima."

"Tulilala Tengboche mara mbili. Alitapika."

"Na simu?"

"Simu ya nini? Ya kukupa hongera?"

Nikaweka mwiko chini. Kumbe anajua. Na mimi mpumbavu nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Uliza nani hajaniambia! Njia nzima, Yangjin. Nikikutana na wapagazi, 'Pole kaka, pombe imenywewa.' Nikivuka daraja, 'Pole sana.' Yule mama wa tufaha pale Namche, hajawahi kumpunguzia mtu bei, kanipa tufaha bure. Bure!"

"Ukalila?"

"Nilikuwa na njaa."

Kidogo nicheke. Nikakaza uso kwa nguvu, maana nilikuwa nimekasirika na sikutaka hasira zinitoroke.

"Haya, umenuna. Una haki gani ya kununa? Miaka mitatu unapanda njia hii na mizigo ya watu. Umebeba mitungi ya hewa. Umebeba fimbo zao, mabegi yao, mwaka jana ukambebea yule Mjerumani gitaa lake mpaka juu. Dumu moja la pombe la kumletea baba yangu ndilo lililokushinda?"

Jitman akachukua bakuli, akalirudisha pale pale.

"Nilimwomba mjomba," alisema mwishowe. "Mara mbili. Akasema ninyi Washerpa mtatuacha tusimame uani na dumu letu mpaka pombe igande. Akasema, wewe nani, huna hoteli, huna yaki."

"Nawe ukakubali."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Baba? Baba anaogopwa na kuku?"

"Niliogopa kukataliwa! Wakikataa, msimu ujao nakuja hapa kama nani? Nalala wapi?"

"Kumbe ulikuwa unachunga blanketi lako."

"Nilikuwa nachunga kukuona!"

Neno hilo alilitoa kwa sauti kubwa mpaka chumba cha kulia kikanyamaza. Waholanzi hawajui neno hata moja la kwetu, lakini wote watano waligeuza shingo. Jitman akawa mwekundu mpaka masikioni. Akabeba mabakuli matatu kwa mpigo, supu ikamwagika njia yote hadi mezani, na mimi nikabaki nimeshika kifua. Nilikuwa nampenda mtu yule kiasi cha kutamani kumpiga na mwiko.

Mama akaingia na viazi kwenye aproni. Alikuwa nyuma ya ukuta muda wote, sina shaka.

"Mpe wali wa kutosha," alisema. "Ashibe, aende zake."

"Mama, amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kijana mzuri, anajua hata kuosha sufuria. Ila mtu wa njiani ni wa njiani, Yangjin. Halafu kwao ni joto, kuna mbu, wanafuga nguruwe chini ya nyumba. Utafia huko."

"Nani kasema nahamia kwao? Na Namche si ndiyo kuhama?"

"Namche ni siku mbili kwa miguu. Nikikuota vibaya naja." Alikaa kwenye kigoda akaanza kumenya viazi haraka haraka. "Huko bondeni kwao, kwa Warai, nitafikaje na magoti haya?"

Ningetaka awe ananionea, ingekuwa rahisi zaidi. Nikatoka kumtafuta Baba.

Baba alikuwa shambani nyuma ya nyumba, ndani ya shimo la viazi mpaka kiunoni. Tulikuwa tunafukia viazi vya majira ya baridi, na yeye tangu siku ile ya pombe alikuwa amejificha kwenye mashimo. Akimaliza moja anachimba lingine. Nafikiri tulikuwa na mashimo mengi kuliko viazi.

"Baba, naomba uniangalie."

"Nakuangalia mama, nakuangalia," alisema, huku anapanga viazi.

"Kesho wakija na dumu la pili, usinywe."

"Mwanangu." Akajinyoosha, akashika mgongo. "Nina miaka sitini na mbili. Sijawahi kumfunikia mtu kikombe mara ya tatu. Hata yule aliyekuja kuomba kofia yangu nikiwa nimeivaa kichwani."

"Najua. Ulirudi nyumbani masikio yamevimba kwa baridi."

"Alikuwa ameomba vizuri."

"Na mimi je? Siombi vizuri?" Machozi yakaanza, na sikuyataka. "Mimi simtaki Norbu. Sitamtaka hata nikikaa naye miaka arobaini. Nitapika, nitatandika vitanda vya wageni wake, na kila msimu nitasimama kwenye ukuta wa mawe wa watu nikitazama njia."

Ndipo tukasikia mtu anashuka kwenye kingo za shamba, mawe yanaporomoka. Alikuwa Jitman. Alikuwa amevua kofia, nywele zimemlala upande mmoja, na kidevuni bado kuna punje ya wali.

"Baba," alisema. "Nimekuja kumwomba Yangjin."

Baba akamtazama mikono. Akamtazama na mgongo, labda kuna kitu kabeba.

"Dumu liko wapi?"

"Sina. Pombe yote ya hapa inatoka kwa Mama, na Mama hatanipa. Huko chini ningeweza kununua, nikaona aibu, nikapita. Nimekuwa nikipita miaka mitatu. Nimekosa. Namwomba hivi hivi."

"Kavu kavu?"

"Kavu kavu, Baba."

Baba akacheka kwa huzuni. "Mwanangu, huo si uombaji. Kwa masikio ya watu hujaniomba kitu. Mtu akiniuliza, nitasema ulikuja kuniamkia." Akainama kuchukua kiazi, akakishikilia tu. "Lakini nimekusikia. Kusikia nimekusikia."

Jitman alikaa chini kwenye udongo pale pale. Mtu amejikaza kiume kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, na bado haitoshi. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, nikajikasirikia mimi.

Halafu kengele za yaki zikalia kule mbele ya nyumba, na sauti ya Mzee Gyalzen ikapasua hewa, akimwita Baba: "Temba! Ang Temba! Kesho ni siku mbaya kalendani, tumeona tuje leo!"

Nikakimbia kurudi nyumbani, Baba na Jitman nyuma yangu.

Walikuwa wazee watatu, makoti mazito, skafu nyeupe mikononi, na dumu la mbao limefungwa kwa kamba nyekundu. Baridi ilikuwa kali nje, basi wakaingizwa chumba cha kulia, hapo hapo kati ya Waholanzi na soksi zao zinazokauka. Mgeni mmoja akainua simu kupiga picha, akidhani ni tamasha. Jitman akaishusha ile simu kwa mkono wake, taratibu, kisha akaenda kusimama karibu na mlango.

Baba akawekwa kwenye benchi la dirishani. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mama akaleta kikombe cha fedha kinachotolewa kwa mambo makubwa, akakiweka mbele yake. Mimi nilisimama mlango wa jikoni. Kwa desturi sikutakiwa hata kuwepo hapo, ilibidi niwe chumba cha nyuma nimeinamisha kichwa. Mama akanikonyeza niondoke. Sikuondoka.

"Baba," nilisema mbele ya wazee wote, "kabla hujanywa, niangalie."

"Yangjin!" Mama alisema.

Lakini Baba aliniangalia. Aliniangalia vizuri kabisa, mara ya kwanza tangu siku ile ya dumu la kwanza.

Mzee Gyalzen akacheka kistaarabu. "Binti ana haraka," alisema. Akainua dumu, akaliinamisha. Baba akafunika kikombe kwa kiganja.

"Kunywa, Temba, kunywa ndugu yangu."

"Hapana, hapana, msisumbuke," alisema Baba, kama inavyosemwa.

Mzee akainamisha tena. Baba akafunika tena. Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika, adabu imefuatwa. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka kwenye meno. Nilimwona Jitman amefumba macho.

Mara ya tatu Mzee Gyalzen hakusubiri. Kwa nini asubiri? Tangu wazee wetu waanze kunywa, mara ya tatu mkono hutoka. Alimimina moja kwa moja. Na mkono wa Baba haukutoka. Pombe ikaanguka juu ya ngozi ya mkono wake, ikapita katikati ya vidole, ikachukua udongo wa shamba, ikatiririka mezani mpaka kwenye kitabu cha Mholanzi.

Mholanzi akakivuta kitabu chake.

"Mkono, Temba," alisema Mzee Gyalzen kwa sauti ya chini, akidhani mwenzake kapitiwa.

"Nauona."

"Umelewa?"

"Sijanywa. Ndiyo maana." Sauti ya Baba ilikuwa inatetemeka, lakini mkono ulikuwa umetulia. "Gyalzen, lile la kwanza nililinywa nikijua ni yaki. Yaki wachukue. Wote sita, msimu mzima, hata yule mwenye kwato mbovu. Ila mtoto mliniomba nikiwa nimeshameza. Hilo sikubali."

"Namche yote itajua umetumwagia pombe!"

"Njia hii ina siri gani? Watajua kabla hujafika darajani."

"Kuna mwingine aliyekuomba?"

Baba akamgeukia Jitman. Jitman akafumbua macho.

"Yupo. Alikuja bila hata maji ya kunawa. Hakujua kuomba, lakini alisema anachotaka, nami nikamsikia sijanywa kitu."

Mzee Gyalzen akalifunga dumu lake kwa kamba, kwa hasira. Wakasimama wote watatu. Mlangoni akageuka.

"Yaki nitatuma watu waje kuwachukua," alisema, akatoka.

Nilimkimbilia Baba nikamfuta mkono kwa aproni yangu. Ndipo ukaanza kutetemeka, mkono wote mpaka bega. Nililia kwa sauti, sikuona haya mbele ya mtu. "Ahsante Baba," nilisema, "ahsante," na yeye akawa anasema, "Basi mama, basi, angalia kitabu cha mgeni kimelowa."

Jitman alikuwa ameshavaa kofia.

"Nashuka sasa hivi," alisema. "Nikitembea usiku na mchana, siku tatu niko kwa mjomba. Nitamtafuta mtu awaongoze hawa mpaka juu..."

"Thubutu!" nilimwambia, machozi bado yananitoka. "Mgeni wako anaumwa kichwa, wewe umuache? Ukiwaacha watu wako mlimani, nami nitafunika kikombe."

"Yangi, akija mwingine je?"

"Aje! Humwoni Baba?"

Baba alikuwa anakunja na kukunjua vidole vyake, anavitazama kama vya mtu mwingine. Kisha akamnyooshea kimoja Jitman.

"Wapandishe. Washushe salama, wote watano. Halafu nenda kamlete mjomba wako. Na usije tena mikono mitupu, nilipata shida sana kukueleza mbele za watu."

Jitman akaniangalia, si kwenye buti, si ukutani. Aliniangalia mimi. Nilimwona anataka kuja, wageni wametuzunguka, Baba yupo, hawezi. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Yule mwanamke mrefu wa Kiholanzi akaanza kupiga makofi, wenzake wakafuata, wala hawajui wanashangilia nini.

Mama peke yake hakushangilia. Alikuwa anafuta meza kwa nguvu, uso umekunjamana. Alipofika alipo Jitman akasimama, akamtoa ile punje ya wali kidevuni kwa kidole.

"Mwambie mjomba wako alete dumu kubwa," alisema. "Huyu mzee kafunika mara tatu tu, kachoka. Mimi nitamfunikia mpaka jioni, na mkono wangu hautetemeki."

Akatupa tambara kwenye ndoo, akaenda jikoni kumwongezea Jitman wali.